Sukari ya Binti Yangu

Muuguzi alimtoboa binti yangu kidole, akakamua tone la damu na kuligusisha kwenye ncha ya kipande chembamba cha plastiki. Kipande hicho kilikuwa kimechomekwa kwenye mashine ndogo ya kutosha kiganjani. Mashine ilifikiri kidogo, ikalia, na badala ya namba ikaandika herufi mbili: HI.

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, suruali yake imejaa saruji kwa sababu alitoka kazini moja kwa moja. Aliniinamia sikioni.

"Inatusalimu?"

Nami ndivyo nilivyodhani. Nakumbuka nilitabasamu, nikaona jinsi watu wa viwanda walivyo na utu, wakatia salamu ndani ya mashine ya hospitali. Kisha nikamwona muuguzi amekwisha kutoka chumbani, anamwita daktari kwa sauti ambayo hakuna mtu huitumia kwa jambo jema. Daktari alipofika alitueleza akiwa anatafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto. Mashine ile ina kikomo cha kuhesabu, na sukari katika damu ya binti yangu ilikuwa imekipita. Herufi zile zilikuwa za Kiingereza, na maana yake ni juu. Juu mno.

Hapo tulikuwa katika zahanati ya tatu.

Ugonjwa ulianza kwa kiu. Alikuwa na miaka kumi, msichana mwepesi, mwenye maneno mengi, akitoka shule huanza kusimulia akiwa bado nje ya ua. Ghafla akawa akifika haongei, huenda mtungini. Anakunywa vikombe viwili, vitatu, anakaa kidogo, anarudi. Kisha akaanza kukojoa kitandani, yeye aliyeacha mambo hayo tangu hajang'oka meno ya utotoni, na kila asubuhi alikuwa akificha shuka nyuma ya nyumba kwa aibu. Mimi ni fundi wa cherehani. Sketi yake ya shule niliipunguza kiunoni, baada ya wiki nikaipunguza tena, na nilipoishika mara ya tatu nikaona hakuna tena kitambaa cha kukunja. Niliiweka chini, nikalia juu ya meza ya kushonea.

Zahanati ya kwanza walimpima malaria. Kile kipimo chao kikaonyesha mstari mmoja, maana yake hana. Wakampa dawa za malaria hata hivyo. Ya pili walisema ni homa ya matumbo. Mamamkwe wangu, mwanamke wa Kigiriama aliyelea watoto wanane na kuzika watatu, alimtazama mjukuu wake akinywa maji, akatikisa kichwa.

"Hii si kiu ya mtu," alisema. "Kuna kitu ndani yake kinachokunywa."

Alitaka apelekwe kwao bara, Kaloleni, kwa mganga anayemjua. Mume wangu alitaka watu wa kanisa waje kuomba. Mimi sikuwa na ninachokitaka, nilikuwa nikienda tu mtu aliponielekeza. Siku ile ya zahanati ya tatu tulimbeba, hakuweza tena kutembea, na pumzi zake zilinuka kama mapera yaliyoiva yakaachwa juani.

Gari la wagonjwa lilitupeleka Malindi. Alilala wodini na maji ya dripu mikono yote miwili, na kila baada ya muda mfupi mtu alikuja kumtoboa kidole. Nilijifunza kusoma nyuso za wauguzi kabla hawajanigeuzia mashine. Siku ya pili ile HI ikaondoka, ikaja namba. Nililia kwa furaha ya kuona namba. Sikujua bado kwamba nitaishi na namba hizo.

Muuguzi mmoja wa pale, mama wa makamo aliyetoka bara miaka mingi na Kiswahili chake kikawa kama chetu, alituketisha mimi na mume wangu kwenye benchi. Alitwambia kongosho la mtoto limeacha kutoa insulini, na halitarudi kuitoa. Atachomwa sindano kila siku.

"Mpaka lini?" aliuliza mume wangu.

"Maisha yake yote, baba."

Mume wangu akaangalia sakafu. Mimi nikauliza tutajuaje kipimo cha sindano, na hapo ndipo akatutolea mashine. Alitueleza vizuri, kwa subira. Kwenye ncha ya kile kipande cha plastiki wamepaka kimeng'enya, kitu kinachotoka katika viumbe hai, ambacho kazi yake ni kuitafuta sukari tu, hakina habari na kingine chochote. Damu ikigusa, kimeng'enya hukutana na sukari, na katika kukutana kwao hutoka umeme mdogo sana. Mashine hupima umeme huo na kuugeuza namba. Sukari ikiwa nyingi, umeme ni mwingi.

"Kwa hiyo kile ni kitu hai," nilisema.

"Kilitoka kwenye uhai. Na kama vitu vya uhai, huharibika. Joto hakipendi, unyevunyevu hakipendi. Kichupa kifunge kila wakati."

Kabla hatujaondoka akanishika mkono, akaniambia neno ambalo nalikumbuka kwa sauti yake ile ile. "Sukari ikipanda huua polepole. Ikishuka huua haraka. Siku ukiwa hujui ni ipi, mpe sukari."

Tukarudi nyumbani Sabaki na mashine ile. Vile vipande tuliviita karatasi. Insulini niliiweka ipoe katika chungu nilichokifukia nusu kwenye mchanga uliolowa, chini ya mbuyu wa jirani... la, chini ya paa la jikoni, naona nachanganya. Mwanzoni nilijaribu nje, mbuzi wakakipindua. Karatasi tulizipata kliniki, na hazikutosha kamwe. Muuguzi alitaka tupime mara nne kwa siku. Tulipima asubuhi, na jioni tukiweza. Baina ya hapo nilimwangalia mtoto kama mtu anavyoangalia chungu cha maziwa motoni. Akicheka sana naogopa, akinyamaza naogopa. Akilala mchana nasogea kumgusa shingo. Yeye mwenyewe alichoka nami.

"Mama, niache. Nimelala tu."

Watu hawakuelewa. Jirani akija na kaimati alizikwepesha mbali naye, anasema kwa huruma, "Maskini, ana sukari huyu," kana kwamba sukari ni mdudu aliye ndani yake na asilishwe. Nilieleza mara nyingi kwamba kuna siku sukari ndiyo dawa yake. Walinisikiliza kwa adabu tu.

Mwaka wa pili wa maradhi yake mvua kubwa ilinyesha bara, na mto ukaja.

Sisi wa Sabaki tunaujua mto wetu. Huja mwekundu, umebeba migomba ya watu na vigogo, na mara nyingine mbuzi. Mwaka ule ulipanda kwa hasira ambayo hata mamamkwe hakuwahi kuiona. Tuliambiwa tuhame, tukahamia shule ya msingi iliyo juu ya kilima. Mume wangu alikuwa upande wa pili, Watamu, anajenga nyumba ya mtu. Tulipozungumza kwa simu alisema barabara ya darajani imefunikwa, hawaruhusu mtu kupita. Hospitali nayo ilikuwa upande huo wake.

Nilibeba nilichoweza. Cherehani niliiacha. Mashine ya sukari, kichupa cha karatasi na insulini nilivifunga katika mifuko ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, nikavifunga kifuani kwa leso. Maji yalinifika kiunoni pale bondeni, na mvua haikuacha.

Darasani tulilala familia nyingi, kwenye mikeka na kwenye sakafu tupu. Nguo hazikukauka. Michoro ya watoto iliyobandikwa ukutani ilikuwa imejikunja kwa unyevu. Asubuhi ya siku ile nilimpima binti yangu kama kawaida, mashine ikaniambia kumi na tisa. Ni namba ya juu. Sikushangaa, mtoto alikuwa ameshindia ugali mtupu, ana hofu, na hofu nayo hupandisha. Nikafuata kama nilivyofundishwa, nikaongeza insulini kidogo ya kurekebisha. Uji ulikuwa uletwe na watu wa msaada. Tukangoja uji.

Uji haukuja. Gari lao lilikwama.

Kabla ya adhuhuri binti yangu alikuwa ameketi kaegemea ukuta, nikamwona anakunja na kukunjua pindo la gauni lake. Nikamwita. Alinigeukia na macho yake yakanipita, yakaangalia kitu nyuma yangu ambacho hakikuwako. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi na umelowa jasho, chumba chote tukiwa tunafukuta. Alitetemeka.

Nikatoa mashine. Nikatoboa, nikagusisha. Ishirini na moja.

Nikatoa karatasi nyingine. Kumi na nane.

Sijui nieleze vipi saa hiyo kwa mtu ambaye hakuwa mahali pale. Mashine ilisema sukari iko juu, na mashine hiyo ndiyo iliyomwokoa, ndiyo niliyoiamini kwa mwaka mzima kuliko macho yangu, kuliko mume wangu, kuliko dua zangu. Kama ni kweli, alihitaji insulini nyingine. Lakini ngozi yake ilinambia jambo jingine. Sukari ikiwa juu huwa mkavu, ana kiu, anapumua kwa nguvu. Huyu alikuwa maji mwili mzima na hakutaka kunywa. Nilikuwa na bomba la sindano katika mkono mmoja na mtoto katika mwingine, na moja kati ya mambo mawili niliyoweza kuyafanya lingemuua.

Nilimpigia mume wangu. Alipokea, nikasema, "Sijui ni juu au chini," akasema, "Mashine inasemaje?" nikamwambia, kisha simu ikakatika. Mtandao ulikuwa hivyo siku zile.

Binti yangu akaanza kuteleza ukutani.

"Sukari," nikasema. "Nani ana sukari? Naomba sukari!"

Mwanamke mmoja wa Muyeye, aliyekuja Sabaki kumzika nduguye akakwama nasi, alinishika kifundo cha mkono. Alikuwa mtu mwema, alikuwa amempa mtoto leso yake usiku uliotangulia. "Dada, mtoto ana kisukari, unampaje sukari? Utamuua mbele ya macho yetu. Si nimekusikia mwenyewe ukisema mashine yasema iko juu?"

"Niache."

"Mshikeni jamani, amechanganyikiwa."

Wakanishika kweli. Wanawake wawili, kwa upole, kama wanavyomshika mfiwa. Hapo mamamkwe akainuka kutoka kwenye mkeka wake. Magoti yake yalikuwa mabaya, huinuka kwa vituo, lakini siku ile aliinuka mara moja. Mwanamke yule alipomwona mtu mzima alimwamkia, nadhani kwa mazoea tu, "Shikamoo, mama." Mamamkwe hakuitikia. Hilo pekee liliwafanya waniachie, maana mzee hakosi kuitikia shikamoo ila kwa jambo zito.

"Mtoto ni wake," alisema. "Wewe ulimzaa?"

Halafu akanigeukia mimi. "Unataka kufanya nini?"

"Nataka kumpa sukari, Mama. Lakini nikikosea—"

"Mpe."

Sukari haikuwako. Katika darasa zima, katika madarasa yote matatu, hapakuwa na sukari. Watu walibeba unga, walibeba magodoro na kuku. Mtu akasema walimu huwa na ya chai ofisini mwao. Ofisi ilikuwa na kufuli na walimu walikuwa makwao. Nilitoka mvuani nikachukua jiwe la kuegeshea mlango wa choo, nikalipiga kufuli lile mpaka kitasa kikang'oka pamoja na kipande cha mlango. Ndani kulikuwa na birika, vikombe, na mkebe wa sukari iliyoganda kwa unyevu kama jiwe. Niliivunjia mezani juu ya vitabu vya kusahihishwa.

Niliporudi alikuwa ameanza degedege. Mamamkwe alikuwa amemlaza ubavu, anamzuia kichwa kisipige sakafu, anamwita kwa Kigiriama jina lake la utotoni. Nilisubiri mwili utulie kidogo, nikachota sukari kwa kidole kilicholowa, nikaipitisha baina ya shavu na ufizi, nikasugua. Kidogo, tena kidogo. Meno yalikuwa yamekazana. Sikujua kama namtibu au namuua, na nilisugua nikijua kwamba sijui. Wanawake walikuwa wamesimama kutuzunguka. Mmoja alikuwa akisoma dua, mwingine analitaja jina la Yesu.

Mate yake yakawa mazito, kisha mepesi. Akameza. Akameza tena.

Alipofumbua macho alimtazama nyanya yake, akasema, "Hawe," jina analomwitia. Kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

"Huyu ni nani?" akamuuliza.

Mamamkwe akamjibu taratibu, "Mama yako."

"Mama yangu yuko wapi?"

Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, vidole vyangu vina damu ya ufizi wake na sukari. Ilichukua muda, mpaka alipokunywa maji ya sukari kikombe kizima, ndipo akaniita. Yule mwanamke wa Muyeye alikuja akakaa karibu nami, akalia, akataka nimsamehe. Sikuwa na nguvu ya kusamehe wala kukataa. Nikamwegemea tu.

Alasiri watu wa mashua ya uokoaji wakatuvusha. Hospitalini muuguzi yule yule alitupokea. Alichukua kichupa changu, akamwaga karatasi zilizobaki kiganjani, akazitazama. Aliipima damu ya mtoto kwa karatasi zake na kwa zangu, kwa tone lile lile. Zake zikasema sita. Zangu zikasema ishirini.

"Zimeingia unyevu," alisema. "Hazina maana tena hizi."

Alizitupa kwenye ndoo. Nilikuwa nimezibeba kifuani katikati ya mto. Nilitaka kuziokota.

Tangu siku ile sikuiamini tena mashine, na sina kingine cha kuamini. Nikipata namba nzuri naipima mara ya pili, napoteza karatasi, kisha zinapungua mwisho wa mwezi nabaki na mtoto na macho yangu. Mume wangu alisema nimekuwa kama mlinzi wa benki. Alisema kwa mzaha, lakini yeye naye nilimkuta siku moja ameketi pembeni mwa mkeka wa binti, anamnusa pumzi.

Kisha mwaka huu kliniki ya Kilifi walituita. Walikuwa wamepata sensa za kupima sukari, za kubandika mkononi, za kufundishia watoto na wazazi jinsi sukari inavyokwenda. Ni kitu cha duara, ukubwa wa sarafu, chenye uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi. Kimeng'enya kiko kwenye uzi huo, hukaa humo mwilini na kuonja bila kutoboa. Ukisogeza simu karibu, namba hutokea, pamoja na mstari unaoonyesha ilikotoka na mshale unaoonyesha inakoelekea.

Sikuwahi kujua inakoelekea. Miaka yote nilipewa namba moja asubuhi na moja jioni, na baina yake giza. Sasa niliona kila kitu. Niliona uji unavyompandisha na mchezo wa kamba unavyomshusha. Niliona pia kitu ambacho natamani nisingelikiona: usiku, yeye amelala na mimi nimelala, mstari ulikuwa ukishuka mpaka karibu na pale pa hatari, unakaa huko, kisha unapanda wenyewe kabla ya alfajiri. Usiku mmoja baada ya mwingine. Yaani ndivyo tulivyokuwa tukiishi. Ndivyo alivyokuwa akienda na kurudi, na asubuhi namuuliza umelalaje, ananijibu vizuri.

Daktari alipunguza sindano ya jioni, mstari ukanyooka. Kwa siku chache nililala. Nililala kama mgonjwa, mdomo wazi, mume wangu alinicheka. Binti yangu alianza tena kusimulia habari za shule akiwa nje ya ua.

Sensa ile hufanya kazi wiki mbili. Tuliambiwa tangu mwanzo, na mwanzoni wiki mbili zilionekana nyingi. Siku ya mwisho simu iliandika kwamba sensa imekwisha muda wake. Nilipiga kliniki. Yule aliyepokea alisema kwa masikitiko kwamba zilikuwa za mafunzo, hazikuja nyingine, na dukani zipo Mombasa. Alinitajia bei. Nilimshukuru.

Nikachukua mafuta ya nazi ili nilainishe gundi niibandue bila kumuumiza. Binti yangu ana miaka kumi na tatu sasa, ni mrefu kuliko mimi. Alirudisha mkono nyuma.

"Mama, iache."

"Imekufa mwanangu. Haisemi kitu tena."

"Najua. Iache tu. Ikiwapo wewe unalala."

Nikabaki na mafuta kiganjani. Nilimwambia nitalala, nikaapa, akanitazama kwa macho ya mtu mzima anayedanganywa na mtoto. Sikuibandua. Ilikaa mkononi mwake mpaka ikaanza kunyanyuka kingo kwa jasho na maji ya kuoga, naye akawa anaibandikia plasta. Usiku nikiinuka kumgusa shingo, najongea kwa vidole vya miguu, nazuia pumzi. Namkuta macho wazi gizani.

"Niko sawa, Mama," ananiambia. "Rudi ukalale."

Narudi, nalala chali, nasikiliza.